Jaketi ya Kujificha Ndege

Kijiwe chetu kiko Al Thumama, huku Uarabuni, nyuma ya bakala, yaani duka la kona, pale ukuta unapoanza kutoa kivuli saa tisa alasiri. Tumepanga mbao tatu za kubebea mizigo, na juu yake kipande cha zulia ambacho Milcah alikiokoa hotelini kwao kikielekea kutupwa. Milcah yuko upande wa dobi, kwa hiyo tunamwita Mama Pasi. Njenga anashinda kwenye chumba cha kamera za mall akitazama watu wasiomwona, huyo ni Kamera. Herbert ni Mganda, amelinda mageti ya nchi tatu, tunamwita Afande, na thermos ya kahawa ni yake, kwa hiyo hatumkosoi sana. Mimi ni Wesley, dereva. Wananiita Mita, kama ya teksi, kwa sababu wanadai hata salamu yangu inaanza kuhesabu. Halafu kuna Omondi, askari wa geti kule Lusail. Huyu ndiye Rada. Hapa tuko karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikipita sisi tunanyamaza tu tungoje kelele iishe. Yeye huinua kichwa. Mwaka huu kichwa chenyewe kimekuwa hakishuki.

Alhamisi hiyo tulikuwa na neno moja la maana na hakuna aliyetaka kulianza. Rada alikuwa na fomu ya ijaza, yaani likizo ya kwenda nyumbani, na kampuni yao ilikuwa inafunga orodha siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni. Ambaye hajarudisha fomu anangoja miaka miwili mingine. Rada alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka sita. Fomu alipewa Jumapili, na sasa ilikuwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, haina hata jina, pembe zimeanza kulainika kwa jasho. Nilitamani kumpigia kelele. Badala yake yeye ndiye aliyetoa simu akaiweka katikati yetu kwenye zulia.

Rada: Nisaidieni hapa. Nataka jaketi.

Sisi sote tukatazama jua.

Kamera: Jaketi? Maze Rada, leo ni digrii thelathini na nane. Mimi nikivua shati nabaki na shati ingine ya jasho.

Rada: Jaketi isiyoingiza maji. Zile za kombati. Za madoadoa.

Afande: Banange.

Rada: Ya kuangalia ndege.

Na kana kwamba imeitwa, ndege kubwa ikapita juu yetu ikitafuta uwanja, magurudumu nje, tumbo jeupe. Vikombe vikatetemeka. Kamera alingoja mpaka ikapotea nyuma ya majengo, kisha akasogea mbali na Rada kiasi cha kiganja kimoja.

Kamera: Ngoja nielewe. Wewe unataka kuvaa kombati, ushike darubini, ukae huku karibu na uwanja, uangalie ndege?

Rada: Ehe.

Kamera: Buda, watakubeba kabla hujafunga zipu. Na wakiuliza marafiki zako ni nani, mimi sikujui. Jina lako nimelisikia tu.

Mama Pasi: Mimi ni mtu wa dobi. Shati lako nililipiga pasi mara moja tu, na sikuuliza ni la nani.

Afande: Mimi ni wa Uganda. Ubalozi wangu ni ingine kabisa.

Rada: Si hizo ndege!

Kamera: Ndege gani basi?

Rada: Ndege hawa! Si ndege hizi. Hawa! Wa manyoya!

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu wa darasa la sita. Alituimbia mwaka mzima kwamba ndege ya chuma inaruka na ndege wa mti anaruka, sisi tukaona ni usumbufu, tukawaita wote hizi. Sasa mtu mzima alikuwa amekanwa na marafiki watatu kwa dakika moja kwa sababu ya ngeli. Tulicheka mpaka mwenye bakala akachungulia kuona kama kuna ugomvi.

Mama Pasi: Sasa rudi kwa jaketi. Nani amekuingiza kwa haya mambo?

Rada: Si ni Eugene.

Eugene tunamjua. Ni kijana wa Kenya wa mambo ya kompyuta, ana gari na darubini, na kila Ijumaa ambayo Rada hana zamu anampitia alfajiri wanaenda nje ya mji, kwenye bwawa fulani lenye matete. Wanakaa huko masaa manne bila kuongea. Mimi nilidhani ni maombi.

Rada: Eugene anasema jaketi ya kazi hii ina masharti matatu. Isiingize maji, kwa sababu ukilala kwa matete asubuhi yana umande, unatoka umelowa mpaka soksi. Ising'ae. Na isipige kelele.

Afande: Jaketi inapiga kelele namna gani? Iko na mdomo?

Mama Pasi: Inapiga. Hizi za kuzuia maji zingine ukiinua mkono inalia kwarakwara kama pakiti ya krispi. Ndege akisikia hivyo anajua amekuja mlaji. Leta simu.

Akaichukua, akavaa miwani. Nikipenda kitu kimoja kwa Mama Pasi ni vile anavyotazama nguo. Hata ikiwa picha, anaisugua kwa kidole.

Mama Pasi: Hii nzuri. Angalia mshono, wamebandika utepe kwa ndani. Maji huwa hayapiti kwa kitambaa, yanapita kwa tundu la sindano. Kofia ina waya mbele, haiangukii macho. Mfuko wa kifuani unaingia darubini. Rangi ziko nne. Madoadoa ya majani, madoadoa ya mchanga, kijani kavu bila doa, na nyekundu.

Kamera: Nyekundu ya nini? Ya kuangalia ng'ombe?

Rada: Hiyo ni ya wale wa milima. Eugene alinieleza. Mtu akipotea huko kwa barafu, helikopta inamwona kutoka mbali.

Kamera: Kwa hiyo moja ni ya mtu hataki kuonekana, na ingine ni ya mtu anaomba aonekane. Duka moja. Hawa watu wamefikiria.

Afande: Toa nyekundu. Hiyo si ya kazi. Chukua majani. Mimi nitakuambia kitu kuhusu majani, na nyinyi mnyamaze.

Tukanyamaza. Alikuwa ameshika thermos.

Afande: Wakati wa mafunzo tulikuwa na mtu mmoja, mrefu, wa kutoka Soroti. Wakatuambia, kila mtu ajifiche, afande mkubwa atatafuta. Huyu mtu akavaa madoadoa yake, akaweka nyasi kichwani, akalala. Afande akatafuta. Akachoka. Akakaa chini kwa kichuguu, akatoa chakula, akala, akalala usingizi kidogo. Kile kichuguu kikakohoa.

Mama Pasi: Wacha!

Afande: Alikuwa amemkalia mgongoni saa nzima! Jioni wakaita majina, yule mtu anasema niko hapa, wanasema hatukuoni, wakaandika hayupo. Yuko mbele yao! Mpaka leo kwa hiyo karatasi hayupo.

Mimi: Afande, alipovua nguo si walimwona?

Afande: Mita, wewe hujui jeshi. Karatasi ikishasema hauko, hata uvue ngozi.

Kamera alitikisa kichwa, lakini si kwa kukataa. Alikuwa ameguswa. Kazi yake ni kuona, na habari za mtu asiyeonekana humwingia kama habari za mizimu.

Kamera: Hiyo naamini. Juzi kwa skrini nambari kumi na moja nimeona kichwa kinatembea. Kichwa tu! Na mikono miwili. Kinapita kando ya yale maua ya plastiki. Nikaita mwenzangu, akasema jina la Yesu. Tukazungusha kamera. Kumbe ni jamaa amevaa madoadoa ya majani. Akasimama pale anangoja bibi yake, dada wa usafi akaja na kitambaa akampangusa vumbi bega. Akampangusa! Yeye akasema asante, yule dada akaacha ndoo hapo hapo, hajarudi mpaka leo.

Mama Pasi: Nyinyi mnaongea juu ya macho ya watu. Macho ya ndege ni habari nyingine. Mnajua sabuni ya unga?

Kamera: Tunajua.

Mama Pasi: Hamjui. Ile sabuni ina kitu cha kung'arisha. Sisi tunaona shati jeupe tunasema limetakata. Ndege ana jicho linaona rangi ambayo wewe hujapewa. Ukivaa hiyo kombati yako umeifua na sabuni ya unga, yeye anakuona unawaka. Unawaka kama mlango wa friji usiku! Umejipanga kwa matete, umejikunja, unajiambia niko kichaka, na wao huko juu wanaulizana, nani ameacha taa?

Mimi huwa siamini vya kijiweni, lakini hili lilinishika. Kwamba kuna rangi zinapita mbele yangu kila siku, na mimi dereva mwenye leseni safi, sijawahi kuziona hata moja.

Afande: Kwa hiyo asifue?

Mama Pasi: Afue kwa maji tu. Na asiweke ile dawa ya kulainisha. Ukiiweka mara moja, jaketi inasahau kazi yake, inaanza kunywa maji kama kitambaa cha meza.

Saa hizo ndipo Chebet alipotokea na mfuko wa bakala, vitunguu na mkate. Ni muuguzi, ana wiki tatu tu tangu afike, anakaa jengo la pili, na Mama Pasi amemchukua kama mtoto wa dada yake. Bado alikuwa na ile sura ya watu wapya, anakodoa macho kwa kila kitu hata kikiwa ni basi.

Mama Pasi: Chebet, kaa mama. Sogeeni nyinyi. Afande, mpe mtoto kahawa.

Chebet: Asante auntie. Hamjambo wakubwa.

Afande alimmiminia, na nikasikia kwa sauti ya thermos kwamba tunakaribia mwisho. Nikatazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano. Fomu ilikuwa bado mfukoni, na sisi tulikuwa tumefika kwenye sabuni ya unga.

Mimi: Rada, nikuulize. Hapa mvua inanyesha siku ngapi kwa mwaka?

Rada: Chache.

Mimi: Chache ngapi? Mwaka jana mimi nilitumia waipa ya gari siku nne. Umande ni wa saa moja, jua likitoka unakauka. Na majani yako wapi hapa? Huko nje ya mji, ukitoa hayo matete, yote ni mchanga. Ukijilaza kwa mchanga na madoadoa ya majani, si utakuwa kichaka pekee kwa kilomita kumi? Ndege watakuja kutalii.

Kamera: Mita amesema ukweli. Chukua ya mchanga.

Rada: Ya mchanga sitaki.

Kamera: Mbona?

Mama Pasi akavua miwani polepole. Huyu mama hufua mashuka ya watu mia mbili kwa siku na anajua nani alilia na nani alimwaga chai. Alimtazama Rada namna hiyo.

Mama Pasi: Hii jaketi si ya huku. Hii ni ya mvua ya nyumbani.

Rada: Ahero saa hii inanyesha.

Alisema hivyo tu. Sote tunajua Ahero ni kwao, kule mashamba ya mpunga, na sote tunajua kwa nini haendi. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita. Hakupata ruhusa kwa wakati. Mazishi aliyatazama kwa simu akiwa zamu, simu mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukifungulia magari kizuizi. Alituambia mara moja, na hakurudia.

Afande: Lakini Omondi, ndugu yangu. Hiyo ya madoadoa huwezi kushuka nayo. Kwetu Uganda raia akivaa hiyo, ni ndani. Na kwenu?

Kamera: Kwetu pia. Utavuliwa hapo hapo uwanjani, uingie Nairobi na singlet.

Rada: Najua. Ndiyo maana nimekwama. Ya mchanga haifai kule. Ya majani hairuhusiwi kule. Kwa hiyo nangoja nipate jaketi kwanza, halafu ndiyo nijaze fomu.

Kweli hapo nilikasirika. Miaka sita, na sasa mtu anazuiwa na kitambaa! Nilifungua mdomo, lakini Chebet akauliza swali jepesi, la mtu mgeni, na likanizuia.

Chebet: Uncle, kwani ni ndege gani hao?

Rada akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukafunguka.

Rada: Kiswahili wanaitwa mbayuwayu. Kwetu ni opija. Unawajua? Mkia umepasuka hivi, kama mkasi.

Chebet: Wale wanapita chini chini kabla ya mvua?

Rada: Hao hao! Sikiza. Mimi nimekulia kwa kufukuza ndege. Mpunga ukianza kukomaa, watoto wote tunapelekwa shambani na mabati ya kupiga na udongo wa kurusha. Unapiga kelele kutoka jua litoke mpaka lizame, koo linakauka. Nilichukia ndege, nilichukia mpaka kuku. Lakini opija hatukuruhusiwa kumgusa. Mzee wangu alikataza. Alisema huyu hali mpunga, huyu anakula wadudu, na ametoka mbali kuliko mtu yeyote mnayemjua.

Chebet: Anatoka wapi?

Rada: Hata mzee hakujua. Alisema tu mbali. Mimi nilidhani ni Kericho.

Chebet akacheka. Yeye ni wa upande wa Kericho.

Rada: Sasa Ijumaa iliyopita tulienda jioni, Eugene ameniacha upande huu wa bwawa, yeye amezunguka upande ule. Jua linataka kuzama, kumetulia. Nimekaa kwa matete na hii shati yangu ya kazi. Naona kitu kimoja kinapita. Halafu kumi. Halafu, jamani, mimi sijui kuhesabu vile. Anga yote ikawa wao. Wanatoka kaskazini, wanateremka kama mtu amemwaga majani ya chai. Na hawapigi kelele kubwa, ni kama kunong'ona, vitu elfu vinanong'ona. Wakaingia kwa matete, matete yakainama. Mmoja akatua kwa utete ulio hapa, mbele ya pua yangu. Nikaacha kupumua. Namwona kifua kinapanda na kushuka. Mdogo! Uzito wake ni kijiko cha chai na sukari yake. Na ametoka kwa barafu huko, amevuka bahari na hili jangwa lote, hana maji, hana pasi, hana mudir wa kumpa ruhusa.

Kamera: Hana mudir.

Rada: Hakuomba ijaza kwa mtu. Nikamtambua. Kichwa hiki, shingo hii nyekundu, mkia huu. Ni yule yule wa kwetu! Wiki mbili tatu hivi atakuwa kwa waya wa stima juu ya shamba la mzee. Mimi nimekaa nchi hii miaka sita, na kila mwaka watu wa nyumbani wanapita juu ya kichwa changu wakienda nyumbani, na mimi sijui. Nilitaka kumtuma. Wallahi nilitaka kumwambia kitu, nikakosa la kusema. Nililia, Mita. Cheka ukitaka.

Sikucheka. Hakuna aliyecheka. Kamera alikuwa ameinua uso juu ambako hakukuwa na kitu, na Afande ameshika kifuniko cha thermos kifuani kama mtu aliyevua kofia. Mimi nimepita barabara ya kwenda huko mara ngapi nikilalamika juu ya foleni.

Mama Pasi: Na mzee anasemaje?

Rada: Mzee kila mwaka mwezi huu anapiga simu. Macho yamemwisha, haoni mbali, lakini wale anawasikia wakipita. Ananiambia, opija wamefika. Basi. Miaka minne sasa tangu mama aende, hajawahi kuniuliza kwa nini sikuja. Ananiambia tu opija wamefika, halafu tunakaa kimya wote wawili mpaka simu ikatike.

Ndege nyingine ikapita, hii ikipanda. Tulingoja. Nilitazama saa, ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Kamera: Basi chukua ile kijani kavu. Haina doa, askari hawana neno. Ukijilaza kwa mpunga unapotea kabisa.

Afande: Na uweke nyasi kichwani. Nitakufundisha. Hata ukipita sokoni hakuna mtu atageuka.

Mama Pasi: Kofia uvute mpaka hapa, ufunge zipu mpaka kidevuni.

Rada: Ehe. Hiyo nataka. Nifike, nikae huko shambani mbali kidogo, niwaangalie, hakuna mtu anajua ni mimi. Siku mbili tatu hivi. Halafu ndiyo niende nyumbani.

Chebet alikuwa amemaliza kahawa yake. Aliweka kikombe chini kwa adabu, mikono miwili.

Chebet: Samahani uncle. Hapa unajificha ndege. Sasa kule nyumbani unajificha nani?

Kamera, anayejua kila mtu anayejificha katika mall nzima, akainama kufunga kamba za viatu. Mama Pasi alianza kukunja ncha ya zulia. Afande, ambaye ana hadithi ya kila kitu, aliinamisha thermos juu ya kikombe changu, na likatoka tone moja, halafu hewa. Mimi nilitamani ndege yoyote ipite ituokoe, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Al Thumama hakuna iliyopita. Maskini Chebet akadhani amekosea, akaanza kuokota vitunguu vyake.

Rada alikuwa anatazama simu. Alisukuma picha kwa kidole, akarudisha, akasukuma tena.

Rada: Mama Pasi. Ile nyekundu iko na saizi yangu?

Mama Pasi: Iko.

Kamera: Nyekundu? Rada! Na hiyo, ndege watakuona ukiwa bado Nakuru!

Rada: Wacha wanione. Mzee haoni mbali. Nataka nikitokea kule barabarani, kabla sijafika kwa mlango, awe ameniona.

Mama Pasi aliondoka kwenye mbao, akasimama akitupa mgongo, akajifanya anatafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani mwake. Rada akatoa ile fomu, akaikunjua mara nne juu ya goti, akaipigapiga inyooke.

Rada: Nani ana biro?

Sisi wote hatukuwa nayo. Chebet ndiye aliyekuwa nayo, kwenye mfuko wa sare, na akampa akiwa bado haelewi kama ameharibu au ametengeneza. Rada aliandika jina lake lote, pamoja na la baba yake, kwa herufi kubwa. Ofisi yao iko barabara ya uwanja, dakika kumi kwa gari ikiwa foleni ya Alhamisi imetuhurumia. Nilikuwa tayari nimetoa ufunguo.

Mimi: Yallah, ingia. Utamalizia ndani.

Kamera: Sasa Rada, na ndege je? Umetusumbua mwaka mzima!

Rada alikuwa ameshafungua mlango. Alisimama mguu mmoja ndani, akaelekeza fomu upande wa uwanja wa ndege.

Rada: Hizi kwanza. Hawa watanikuta huko.